Mumiani na Mwinyi Dracula: Ubora na Udhaifu wa Riwaya ya Fumbo la Mnyonya Damu kwa Msomaji wa Chundwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya Dracula iliyoandikwa na Bram Stoker na kuchapishwa London mwaka 1897. Inasomwa hapa kutoka Chundwa, kisiwani Pate, ambako hofu ya mnyonya damu haikuja kwa vitabu bali kwa masimulizi ya mumiani. Tunadai kwamba ubora wa riwaya hii umo katika usimulizi wake wa nyaraka, na katika namna inavyotenganisha damu inayotolewa na damu inayonyonywa. Udhaifu wake umo katika wingi wa sadfa, katika kanuni zinazotangazwa kisha zikasahauliwa, na zaidi ya yote katika kumnyima sauti anayeshukiwa. Mwishoni tunailinganisha na njia walizozifuata Muhammed Said Abdulla na Said Ahmed Mohamed, na kupendekeza masharti ya riwaya ya mumiani itakayoandikwa kwa Kiswahili.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapotajiwa riwaya ya mnyonya damu, aghalabu hutabasamu. Huiona kuwa kazi ya kupitishia wakati, isiyostahili kukaa rafu moja na Rosa Mistika wala Utengano. Mwandishi wa makala haya hana haki ya kutabasamu, na ni vyema msomaji ajue sababu tangu mwanzo.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa shangazi yangu alipojifungua nyumbani Chundwa, akawa anatokwa na damu isiyokatika. Alichukuliwa usiku kwa mashua. Maji yalikuwa yamekupwa, na ilibidi chombo kisubiri kabla ya kupita Mkanda. Alipofikishwa hospitalini, daktari aliwaomba jamaa waliofuatana naye watoe damu. Walikuwa wanaume watatu, wenye afya na wenye kumpenda. Hakuna aliyekunja mkono wa kanzu. Tangu utotoni walikuwa wamesikia kwamba sindano ya damu ndiyo mlango wa mumiani, na kwamba anayeingia mlango huo hatoki. Shangazi alifariki kabla ya alfajiri. Huenda angalifariki hata kama wangalitoa; sina elimu ya kudai vingine. Ninachojua ni kwamba usiku ule kisa, yaani maneno yaliyopangwa yakasimuliwa, kilikuwa chumbani pamoja nasi na kilikuwa na nguvu kuliko mapenzi ya ndugu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa likizoni, niliwasimulia wazee na vijana wa barazani kwetu riwaya ya Dracula kwa Kiswahili, baada ya sala ya isha, kwa muda wa siku nane. Mengi ya hoja zinazofuata niliyapata kwa kusikiliza maswali yao. Yanaweza kumfaa mwanafunzi anayetaka kuihakiki riwaya ya kigeni bila kuiabudu na bila kuidharau.

2. Mumiani kabla ya Dracula

Ni kosa kudhani kwamba fasihi ya Kiswahili imemkopa mnyonya damu kutoka Ulaya. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno mumiani kuwa ni kitu cheusi kama gundi kilichotumiwa kuwa dawa. Inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kimetokana na damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ulipozuka watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo uliowapa Wazungu jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Tukumbuke kwamba kwa karne kadhaa unga wa maiti hizo uliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya, na wagonjwa wakaunywa. Basi dhana ya kuwa kuna dawa itokanayo na mwili wa binadamu haikuwa ndoto tupu ya Mswahili.

Katika enzi ya ukoloni hofu hii ilipata sura mpya. Katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilivumishwa kwamba wazimamoto, kwa magari yao mekundu na mipira yao ya maji, huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu masimulizi hayo, alishauri tusikomee kuuliza kama ni kweli au uongo. Tuulize pia yanasema nini kuhusu kazi, zana na mamlaka. Msimulizi wa mumiani hamzungumzii jini la msituni. Anamzungumzia mwenye sare, gari na ufunguo wa chumba asichoruhusiwa mwingine kuingia.

Istilahi zetu za siasa nazo zimejaa damu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maneno unyonyaji, kupe na mirija yalienea katika hotuba, katuni na mashairi. Karl Marx naye, katika Mtaji (1867), alikuwa ameufananisha mtaji na mfu anayeishi kwa kunyonya kazi ya walio hai. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika riwaya ya mnyonya damu haanzi na ukurasa mtupu. Ana neno, ana hofu na ana sitiari.

3. Kigezo cha uhakiki

Tunatumia wazo la Tzvetan Todorov katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu fasihi ya ajabu. Kwa Todorov, uhai wa fasihi hiyo umo katika kusitasita. Msomaji, na mara nyingi mhusika pia, hajui kama tukio analoliona lina sababu ya kawaida au linavunja sheria za ulimwengu. Kusitasita huko kukiisha kwa sababu ya kawaida kupatikana, kazi inahamia upande wa ajabu linaloelezeka. Kukiisha kwa kukubali kwamba mzuka ni mzuka kweli, inahamia upande wa ajabu lisiloelezeka. Tunaongeza swali moja ambalo Todorov hakulihitaji sana lakini sisi tunalihitaji: kusitasita kukiisha, nani anayelipa gharama?

4. Muhtasari wa riwaya

Jonathan Harker, wakili kijana wa Uingereza, anasafiri hadi Transylvania, iliyomo leo nchini Romania, kumuuzia nyumba bwana mmoja wa nasaba kongwe. Hapa tutamwita Mwinyi Dracula. Anagundua kwamba ni mfungwa wa mwenyeji wake, na kwamba mwenyeji huyo hana taswira kiooni na hutambaa ukutani kama mjusi. Mwinyi anahamia Uingereza kwa merikebu, pamoja na masanduku hamsini ya udongo wa kwao. Merikebu inafika bandari ya Whitby ikiwa na maiti ya nahodha aliyefungwa kwenye usukani. Lucy Westenra, rafiki wa Mina ambaye ni mchumba wa Jonathan, anaanza kudhoofika kwa kupungukiwa na damu. Daktari Seward anamwita mwalimu wake Van Helsing kutoka Amsterdam. Lucy anakufa, anarudi akiwanyonya watoto, na anachomwa kigingi na Arthur, aliyekuwa mchumba wake. Kisha watu sita, Mina akiwemo, wanamsaka Mwinyi hadi kwao na kumwangamiza jua likikaribia kutua.

5. Ubora wa riwaya

5.1 Usimulizi wa nyaraka

Riwaya haina msimulizi mmoja. Imejengwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, kumbukumbu za nahodha, vipande vya magazeti na maneno ambayo Daktari Seward ameyarekodi kwa mashine ya sauti. Kila mtu anashika kipande kimoja cha fumbo na hajui kwamba mwenzake ameshika kingine. Mina ndiye anayevikusanya, anavipiga taipu na kuvipanga kwa tarehe. Hapo ndipo fumbo linapofumbuka. Upelelezi katika riwaya hii haufanywi na bingwa mmoja mwenye akili za pekee, bali na karani mwenye subira.

Barazani jambo hili lilieleweka upesi kuliko nilivyotarajia. Mzee mmoja mvuvi alisema, "Mwanangu, hivyo ndivyo habari ya chombo kilichopotea ijulikanavyo. Huyu ameona tanga, yule ameona kasia, na wa tatu amesikia sauti. Hakuna aliyeona chombo." Sikumbuki mhadhara wowote ulioufafanua usimulizi wa nafsi nyingi kwa uwazi huo.

5.2 Taharuki ya msomaji ajuaye

Riwaya nyingi za fumbo humficha msomaji jambo hadi mwisho. Stoker anafanya kinyume. Sura nne za mwanzo zinatuonyesha Mwinyi ni nani. Kisha tunapelekwa Whitby kwa watu wasiojua lolote. Tunaona alama mbili shingoni mwa Lucy, tunamwona mama yake akiyaondoa maua ya vitunguu saumu chumbani kwa huruma, na hatuwezi kumwonya. Hofu yetu inatokana na kujua. Mbinu hii inafanana na ile ya hadithi zetu simulizi, ambamo watoto wanaosikiliza humpigia kelele sungura asiingie pangoni.

Lakini kusitasita hakupotei. Kumehamishwa tu kutoka kwa msomaji hadi kwa mhusika. Seward, mtu wa sayansi, anapinga ushahidi wa macho yake mwenyewe hadi apelekwe kaburini mara kadhaa. Ukaidi wake ndio unaoipa imani ya Van Helsing uzito. Daktari angaliamini usiku wa kwanza, nasi tusingaliamini kabisa.

5.3 Damu itolewayo na damu inyonywayo

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, penye ubora mkubwa wa kazi hii. Lucy anapodhoofika, wanaume wanne mmoja baada ya mwingine wanampa damu yao: Arthur, Seward, Van Helsing na Quincey Morris. Stoker aliandika kabla makundi ya damu hayajagunduliwa. Ugunduzi huo wa Karl Landsteiner ulikuja mnamo 1900 na 1901. Kitabibu, tukio hilo lingaliweza kumuua Lucy hata bila mnyonya damu. Kifasihi lina nguvu kubwa, kwa kuwa linaweka sindano na jino mkabala. Vyote viwili vinatoboa ngozi na kuhamisha damu. Tofauti pekee ni ridhaa: mmoja anatoa kwa hiari ili mwingine aishi, na mwingine ananyang'anya ili mwenyewe aishi.

Katika masimulizi ya mumiani niliyolelewa nayo, tofauti hiyo haipo. Sindano yenyewe ndiyo jino. Nilipoifikia sehemu hii barazani, usiku wa nne, nilisimulia jinsi Arthur alivyokuwa tayari kutoa hata tone la mwisho. Ami yangu, mmoja wa wale watatu wa usiku wa mashua, aliinuka bila kuaga akaenda zake. Sikuwa nimekusudia. Kesho yake alirudi akakaa mahali pake, akaniuliza swali moja tu: "Yule msichana, baada ya damu zote zile, alipona?" Nilimjibu kwamba hakupona. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini walitoa." Nimeona uhakiki mwingi wa riwaya hii ukieleza maana ya damu kwa marefu na mapana. Maneno hayo mawili yanatosha.

6. Udhaifu wa riwaya

6.1 Sadfa

Msuko umebebeshwa sadfa zaidi ya uwezo wake. Katika bandari zote za Uingereza, merikebu inafika pale pale anapopumzika rafiki wa mchumba wa wakili wa Mwinyi. Nyumba anayoinunua Mwinyi inapakana na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Daktari Seward, aliyewahi kumposa Lucy. Mgonjwa wa hospitali hiyo, Renfield, ana uhusiano wa ajabu na Mwinyi. Sadfa moja huanzisha kisa, na msomaji huisamehe. Sadfa zinapokuwa nne huwa zinafanya kazi ya mwandishi, na fumbo hupoteza heshima yake, kwa sababu fumbo ni ahadi kwamba mambo yana sababu.

6.2 Kanuni zisizofuatwa

Riwaya ya mzuka ina uhuru wa kutunga kanuni zozote, lakini haina uhuru wa kuzisahau. Van Helsing anafundisha kwamba mnyonya damu huangamizwa kwa kigingi moyoni na kukatwa kichwa, na kanuni hiyo inatekelezwa kwa Lucy na baadaye kwa wanawake watatu wa kasrini. Mwisho wa kisa, Mwinyi mwenyewe anamalizwa kwa visu viwili, kimoja kooni na kingine moyoni, akageuka vumbi. Baada ya sura ishirini na sita za matayarisho, tamati inapita kwa mistari michache na kwa silaha ambazo hatukuambiwa kwamba zinatosha.

Hapa msomaji ajihadhari na kumbukumbu ya filamu. Wengi hudhani kwamba jua humuua Dracula. Katika riwaya Mwinyi hutembea mchana mitaani London, nguvu zake zikiwa zimepungua tu. Jua liuaalo lilienezwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Mhakiki ailaumu kazi kwa makosa yake yenyewe, asiilaumu kwa makosa ya jirani.

6.3 Kuwekwa kando kwa Mina

Baada ya Mina kuzikusanya nyaraka zote, wanaume wanakata shauri kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mwanamke, na wanaacha kumwambia kinachoendelea. Kwa ajili ya uamuzi huo anabaki peke yake usiku wakiwa wao kazini, na Mwinyi anamfikia. Je, huu ni udhaifu wa wahusika au wa mwandishi? Mwanzoni tulidhani ni wa wahusika, maana riwaya inawaadhibu kwa kosa lao. Hata hivyo mwishoni Mina anasifiwa zaidi kwa ushujaa wa kuvumilia na kwa kumzaa mtoto kuliko kwa akili iliyolifumbua fumbo. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, nyuma ya mlango, alitoa hukumu fupi: "Aliyeandika yote ndiye wasiyemwambia. Basi wamekoma." Riwaya inalijua kosa hilo lakini haithubutu kulifuata hadi mwisho.

6.4 Mshukiwa asiye na sauti

Udhaifu wa nne ndio mzito. Katika nyaraka zote hizo hakuna shajara hata moja ya Mwinyi Dracula. Baada ya sura nne za mwanzo haonekani ila kwa nadra, na anapozungumza maneno yake hunukuliwa na maadui zake. Yeye ni mgeni, anatoka mashariki, ana lafudhi, ananunua nyumba katika jiji kuu. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba riwaya hii imebeba hofu ya Uingereza ya wakati ule kwamba waliotawaliwa au waliodharauliwa wangekuja siku moja kulipiza.

Kuna jambo zaidi. Mwinyi anaziteketeza kwa moto nyaraka za asili, na katika maelezo ya kumalizia Jonathan anakiri kwamba kilichobaki ni karatasi za taipu ambazo hazingemtosheleza mtu yeyote kuwa ushahidi. Tuliweke wazi: watu sita wamemsaka na kumuua mtu kwa ushahidi walioupiga taipu wao wenyewe. Riwayani wamesibu, kwa kuwa mwandishi amemfanya mnyonya damu awe kweli. Lakini nje ya kitabu hali haiwi hivyo. Mwaka 1995, Pemba na Unguja zilipokumbwa na hofu ya Popobawa, dubwana la usiku lenye jina la bawa la popo, mtu aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kushukiwa kuwa ndiye. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia, hata Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya za huko. Kila umati ulikuwa na Van Helsing wake, na kila umati ulikuwa na yakini.

Mtu anaweza kupinga kwamba si haki kuihukumu riwaya ya mwaka 1897 kwa vifo vya 1995 na 2017. Tunakubali kwamba Stoker hana hatia ya vifo hivyo. Tunachohukumu ni umbo la kisa, yaani kisa kinachomaliza kusitasita kwa kumtoa mshukiwa roho bila kumsikiliza. Umbo hilo lilikuwepo kabla ya Stoker na lipo barazani kwetu pia.

7. Njia nyingine mbili katika riwaya ya Kiswahili

Muhammed Said Abdulla alifuata njia ya kwanza ya Todorov. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1960, inaanza na mauaji yanayohusishwa na mahali pa mzimu. Wenyeji wanaelekea kuamini nguvu za mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na Najum ubavuni, anathibitisha kwamba muuaji ni binadamu na kwamba sababu ni za kibinadamu. Ubora wa njia hii kwa msomaji wetu ni dhahiri: hakuna asiye na hatia anayelipishwa kwa ajili ya mzimu. Udhaifu wake ni kwamba akili yote imekusanywa katika kichwa kimoja. Bwana Msa huficha anayoyajua hadi mwisho, na wanaoamini mizimu hubaki watu wa kuchekwa. Hawaulizwi kwa nini wanaamini. Mumiani angeangukia mikononi mwa Bwana Msa, angethibitishwa kuwa hayupo, na hofu ya ami yangu ingebaki ilivyokuwa.

Said Ahmed Mohamed alikwenda kwingine. Katika Babu Alipofufuka (2001), marehemu babu anamrudia K, mkubwa aliyezama katika anasa na madaraka, na kumkabili na yale aliyoyasahau. Hapa hakuna anayeuliza kama mzuka upo. Upo kwa sababu dhamiri ipo, na anayetishwa ni mwenye nguvu, si mnyonge. Udhaifu unaowezekana ni kwamba fumbo hutoweka. Msomaji anatambua mapema mzuka unasimamia nini, na taharuki inageuka kuwa mahubiri iwapo mwandishi si stadi. Ustadi wa Said Ahmed Mohamed humwokoa. Wanaomwiga hawaokoki daima.

8. Masharti ya riwaya ya mumiani

Kutokana na ulinganishi huu tunapendekeza kwamba mwandishi wa Kiswahili atakayethubutu kumwandika mumiani azingatie mambo manne. Kwanza, achukue kutoka kwa Stoker usimulizi wa vipande vingi, kwa kuwa uvumi wenyewe huenda kwa vipande: baharia, muuguzi, mwanafunzi, mke wa askari. Pili, asikimbilie kulimaliza shaka. Akilimaliza, aonyeshe gharama yake. Tatu, ampe mshukiwa waraka wake. Mzimamoto wa zamani, mchukua damu wa maabara, mgeni aliyeshuka gatini jioni bila mwenyeji, kila mmoja awe na shajara yake. Nne, atenganishe damu inayotolewa na damu inayonyonywa. Asimkejeli mwenye hofu, kwa sababu historia ya ukoloni na ya biashara ya watumwa iliyopita pwani hii imempa sababu za kuogopa wenye sare na vyumba vilivyofungwa. Lakini asimwache pale alipo.

9. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Dracula ni riwaya yenye ubora wa kiusimulizi usiopungua baada ya zaidi ya karne moja, na kwamba udhaifu wake wa sadfa na kanuni ni wa kifani na unasameheka. Udhaifu wa kumnyima mshukiwa sauti hausameheki kwa wepesi huo, kwa kuwa unagusa namna jamii zinavyofikia yakini. Tumeonyesha pia kwamba riwaya ya Kiswahili tayari imejaribu njia mbili nyingine, na kwamba bado kuna nafasi ya njia ya nne.

Usiku wa nane, kisa kilipokwisha, vijana walitaka kujua kama Mwinyi alikufa kweli. Wazee walitaka kujua kama Mina alipona. Ami hakuuliza kitu. Mwezi uliofuata kijana mmoja wa mtaa wetu alihitaji upasuaji, na jamaa wakaombwa damu. Nilipigiwa simu nikaambiwa waliovuka kwenda walikuwa watu watano, na kwamba ami alikuwa wa kwanza kukaa kitini. Sidai kwamba riwaya ndiyo iliyomvusha. Mtu huwa na sababu zake, na nyingine ni za miaka mingi. Nadai tu kwamba wahakiki tunapoulizwa fasihi ya mizuka ina faida gani, tusiwe wepesi wa kutabasamu.